Laptopu Inazima Ukichomeka Kinasa Video: Angalia Kwanza Inazima Wakati Gani

Nafanya kazi mbili zinazokutana. Narusha harusi na ibada mubashara, na siku za katikati ya wiki natengeneza kompyuta za wenzangu wa kazi hiyohiyo. Lalamiko linalonifikia ni lilelile: "Laptopu ilikuwa nzima, nikachomeka kapcha, ikazima." Kapcha ndiyo kinasa video, kifaa kinachopeleka picha ya kamera kwenye laptopu. Mwenyewe anakuja ameshaamua kwamba RAM imekufa au Windows ipigwe upya. Mara nyingi si hili wala lile, na kupiga Windows upya usiku wa kuamkia shughuli ni kujitafutia balaa jingine.

Mimi huuliza jambo moja kabla ya kugusa mashine: ilizima katika hatua gani? Papo hapo ulipochomeka? Ulipofungua OBS, ile programu ya kurekodi na kurusha video? Baada ya nusu saa ya kurekodi? Ulipofunika kioo ukafunua tena? Kila hatua ina mtuhumiwa wake. Maelezo haya nimeyapanga kwa hatua hizo, na zaidi nazungumzia Windows 10 na 11, kwa sababu ndizo zinazoletwa mezani kwangu.

Kijue kwanza kifaa chako

Vinasa vidogo vya HDMI vyenye umbo la flashi, vile vya bei nafuu, vingi vimejengwa juu ya chipu ya MacroSilicon MS2109. Hiyo ni chipu ya USB 2.0. Plagi yake inaweza kuwa ya bluu na boksi likaandikwa "USB 3.0" na "4K", lakini rangi ya plastiki haibadilishi kilichomo ndani. Maana ya hiyo 4K ni kwamba kinapokea picha ya 4K kutoka kwenye kamera. Kinachokwenda kwenye laptopu hakizidi 1080p. Uzuri wake ni kwamba kinatumia draiva (programu inayoiunganisha kompyuta na kifaa) ya kamera za kawaida za USB, ambayo tayari imo ndani ya Windows, macOS na Linux. Hakihitaji CD. Mtu akikupa CD au kiungo cha kupakua "draiva" ya kifaa hiki, usiiweke.

Vile vya zamani vyenye waya za njano, nyekundu na nyeupe, vinavyohamisha kanda za VHS na kujulikana kwa jina la EasyCAP, ni vigumu zaidi. Boksi ni lile lile, ila ndani unaweza kukuta chipu ya STK1160, UTV007, au nyingine za Empia na Somagic. Kila chipu ina draiva yake, na nyingi ziliandikwa enzi za Windows XP hadi 7. Ukiweka ya chipu moja kwenye kifaa cha chipu nyingine, au ukaweka zote tatu ulizozikuta mtandaoni "ili mojawapo ikubali", umeshatengeneza tatizo. Skrini nyingi za bluu ninazoziona, zile za kosa Windows inapoanguka, zinaanzia hapo.

Kisha kuna vinasa vya USB 3.0 halisi na vya Thunderbolt. Hivi vinachagua tundu. Elgato HD60 S, kwa mfano, haifanyi kazi kwenye USB 2.0, na kinasa cha Thunderbolt hakitaki tundu la kawaida la USB-C hata kama plagi inaingia bila kusukumwa.

Kujua una kipi, bofya kulia kitufe cha Start, fungua Device Manager, tafuta kifaa chini ya Cameras, Imaging devices au Sound, video and game controllers. Fungua Properties, nenda Details, chagua Hardware Ids. Ukiona VID_534D&PID_2109, hiyo ni MS2109. VID_05E1&PID_0408 ni STK1160. VID_1B71&PID_3002 ni UTV007. Kama laptopu yako haikupi nafasi ya kusoma kabla ya kuzima, soma kwenye kompyuta ya jirani. Andika namba hiyo, utaihitaji.

Dalili ya 1: Inazima au inatoa skrini ya bluu papo hapo unapochomeka

Kwenye Windows 11 zilizosasishwa karibuni skrini hiyo ni nyeusi, lakini maandishi ya kosa ni yale yale. Piga picha kwa simu kabla haijapotea.

*Draiva isiyo yake.* Hii inaongoza kwa mbali. Kipimo chake ni chepesi: chomeka kifaa kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuwekewa draiva ya kinasa chochote. Kama huko kinatulia, kifaa hakina kosa. Kosa limelala ndani ya laptopu yako.

Kuisafisha, chomoa kifaa, fungua Device Manager, kwenye View chagua Show hidden devices. Majina ya vinasa yaliyofifia ni mabaki ya vifaa vilivyowahi kuchomekwa. Bofya kulia kila moja, chagua Uninstall device, na kama kuna kisanduku cha kufuta draiva kitie tiki. Halafu chagua Restart. Usichague Shut down, maana Fast Startup ikiwa imewashwa, Windows huhifadhi hali ya mfumo na kuirudisha ilivyokuwa. Restart ndiyo inayoanza upya kabisa.

Kama draiva inarudi kila ukichomeka, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika pnputil /enum-drivers, utapata orodha ya draiva zote zilizoongezwa. Tafuta ya kinasa kwa jina la aliyeitengeneza na namba yake ya oem, kisha andika pnputil /delete-driver oem12.inf /uninstall, ukiweka namba yako mahali pa hiyo 12. Soma mara mbili kabla ya kubonyeza Enter. Ukikosea namba utaondoa draiva ya Wi-Fi au ya kioo, na utakuwa na matatizo mawili.

Laptopu isipofika hata kwenye desktop wakati kifaa kimeshachomolewa, ingia Safe Mode, ambako Windows inawaka na draiva chache za lazima tu: kwenye skrini ya kuingia shikilia Shift huku ukibofya Restart, kisha Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, halafu bonyeza 4. Kabla ya hapo hakikisha unayo namba ya BitLocker (kufuli la Windows la diski) yenye tarakimu 48. Laptopu nyingi za Windows 11 zimefungwa kwa BitLocker bila mwenyewe kujua, na namba hiyo mara nyingi iko kwenye akaunti yako ya Microsoft. Bila namba hiyo, ukiulizwa, huzifikii data zako.

Hapa nina neno la kusisitiza. Windows ikigoma kupakia draiva ya zamani, utakuta video zinazofundisha kuzima Memory integrity (kinga ya Windows dhidi ya draiva zisizo salama), au kuzima ukaguzi wa saini za draiva. Usifanye hivyo. Draiva ya kinasa inaingia kwenye kiini cha mfumo, mahali ambapo kosa dogo linaangusha mashine nzima, na Windows inagoma kwa sababu ya msingi. Unafungua mlango wa nyumba yote ili kuokoa kidude ambacho bei yake ni ndogo kuliko bei ya kazi moja. Kama EasyCAP yako haina draiva iliyosainiwa kwa Windows yako, itafutie kompyuta ya zamani yenye Windows 7 isiyounganishwa na intaneti, au tumia Linux, ambayo ina draiva ya STK1160 na ya UTV007 ndani yake.

*Tundu halitoi umeme wa kutosha.* Tundu la USB 2.0 limepangiwa miliampea 500, la USB 3.0 miliampea 900. Ukichomeka kinasa, diski ya nje na kipanya kwenye habu moja (kigawanya matundu ya USB) isiyo na chaja yake, wote wanagombania umeme huo. Ujumbe wa "Power surge on the USB port" ni ushahidi. Ondoa habu, ondoa kila kitu kingine, chomeka kinasa moja kwa moja kwenye laptopu, kisha jaribu tundu la upande wa pili.

*Shoti.* Ni nadra, lakini ikiwepo usiijaribu mara ya pili. Angalia pini zilizopinda, plagi iliyoungua hadi kubadilika rangi, waya uliochunika. Kifaa kinachozima kompyuta mbili tofauti kitupwe, hata kama ni kipya.

Wenye Mac: vinasa vinavyotumia draiva ya mfumo havina shida huko. Shida inakuja ukiambiwa ushushe kiwango cha usalama ili kuweka draiva ya zamani. Kwenye Mac za chipu ya Apple hatua hiyo inafanyika ndani ya Recovery, na ushauri wangu ni uleule: badilisha kifaa.

Dalili ya 2: Inakaa sawa hadi unapofungua OBS, kisha inaganda au kuzima

Kuchomeka tu hakusafirishi picha. Picha inaanza kupita programu inapoiita, na hapo ndipo mzigo unapoonekana.

*Umeomba picha kubwa kuliko njia.* Tupige hesabu. Picha ya 1920 kwa 1080 isiyobanwa, kwa mfumo wa YUY2, ina baiti 2 kwa kila nukta. Zidisha kwa picha 30 za kila sekunde unapata megabaiti 124 hivi kwa sekunde, karibu megabiti 1,000. USB 2.0 mwisho wake ni megabiti 480, tena hiyo ni ya kwenye karatasi. Ndiyo maana MS2109 kwa YUY2 inatoa picha 5 tu kwa sekunde kwenye 1080p, na inafika 30 ikibana kwa MJPEG. OBS ikiachwa ijichagulie, wakati mwingine inaangukia YUY2. Utaona picha inaruka, sauti inachelewa, programu inaganda, na kwenye baadhi ya laptopu mfumo wa USB unaanguka wote.

Tiba: kwenye OBS bofya mara mbili Video Capture Device, weka Resolution/FPS Type iwe Custom, chagua 1920x1080, FPS 30, na Video Format iwe MJPEG. Kama bado inayumba, shuka 1280x720. Watu wanaotazama kwenye simu hawataona tofauti kubwa, lakini wataona mara moja matangazo yakikatika.

*Programu mbili zinashika kifaa kimoja.* Zoom imebaki imefunguka nyuma, au programu ya Camera, au programu inayogeuza simu kuwa kamera. Funga zote, fungua OBS peke yake. Programu za kamera bandia usizozitumia ziondoe kabisa, maana nazo zina draiva zake.

*Draiva ya kadi ya picha.* Skrini ikiandika VIDEO_TDR_FAILURE, usihangaike na kinasa. Kadi ya picha ilichelewa kujibu, Windows ikashindwa kuiamsha; kinasa kiliongeza mzigo tu. Chukua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu kwa modeli yako hasa, halafu jaribu tena.

*Vinasa viwili kwenye njia moja.* Wanaotumia kamera mbili hukutana na hili. Matundu mawili ya upande mmoja mara nyingi yanashiriki njia moja ndani ya laptopu, kwa hiyo kimoja kinafanya kazi peke yake na vikiwa viwili kila kitu kinaganda. Weka kimoja kushoto na kingine kulia, bila habu. Ikishindikana, afadhali kununua mikisa ya video inayochanganya kamera kabla ya kufika kwenye laptopu, ili laptopu ipokee waya mmoja.

Dalili ya 3: Inafanya kazi vizuri, kisha inazima ghafla bila ujumbe

Hakuna skrini ya bluu, hakuna kosa, kioo kinakuwa giza tu. Fungua Event Viewer, Windows Logs, System, utafute Kernel-Power namba 41. Ukifungua Details na kukuta BugcheckCode ni 0, Windows haikuanguka kwa kosa la programu, ilikatika. Mara nyingi ni joto au umeme.

Siku moja nilikuwa narusha sendi-ofu. Laptopu niliiweka juu ya meza ya kamati, juu ya kitambaa kinene cha satini, na kitambaa kikaziba matundu ya hewa chini yake. Dakika ya arobaini ikazima. Ilipowaka nilikuwa nimepoteza dakika nne za wazazi wakimkabidhi binti yao, na kwa sababu nilikuwa narekodi kwa MP4, faili lote la kabla ya hapo halikufunguka. Toka siku hiyo laptopu yangu inakaa kwenye stendi yenye feni, na narekodi kwa MKV. Faili la MKV likikatwa katikati linabaki salama hadi pale lilipofika, na baadaye OBS yenyewe inaligeuza kuwa MP4 kupitia File, Remux Recordings. Badilisha mpangilio huo leo, hata kama laptopu yako haijawahi kuzima.

Baada ya kuinua laptopu, angalia nani anafanya kazi ya kubana video. Kwenye Settings, Output, kama Encoder ni x264, CPU ndiyo inayobeba yote. Ihamishie kazi hiyo kwenye kadi ya picha: kama una kadi ya NVIDIA chagua NVENC. Kama una Intel yenye picha ya ndani chagua QuickSync. Joto linashuka waziwazi. Kusafisha vumbi la feni na kubadilisha thamopesti (dawa inayopitisha joto kutoka kwenye chipu) kunafuata, na hiyo ni kazi ya fundi kama hujawahi kuifungua.

Kama haina joto, shuku umeme: chaja isiyo yake yenye wati pungufu, betri iliyochoka, au ekstensheni iliyochanganywa na spika kubwa za ukumbini. Chomeka chaja kwenye soketi isiyo na muziki, urekodi saa nzima nyumbani kabla ya shughuli.

Dalili ya 4: Inaanguka ukifunika kioo, ikiamka, au ukichomoa kifaa

Kosa lake la kawaida ni DRIVER_POWER_STATE_FAILURE. Draiva imeambiwa ilale, haikuitikia. Kwenye mipangilio ya umeme zima USB selective suspend. Kwenye Device Manager fungua kila USB Root Hub, na penye Power Management toa tiki ya kuruhusu kompyuta kuzima kifaa. Laptopu nyingine hazina ukurasa huo, basi usihangaike nao. Zima pia Fast Startup.

Na ukichomoa, funga OBS kwanza. Kuchomoa kinasa picha ikiwa inapita ni kukata mazungumzo katikati, na draiva dhaifu haijui la kufanya.

Dalili ya 5: Cheche, mtekenyo mkononi, laptopu inazima ukigusisha HDMI

Hapa acha kujaribu. Kama unahisi mtekenyo ukigusa chuma cha laptopu au cha kamera, au umeona cheche plagi ya HDMI ikigusa, kuna tofauti ya umeme kati ya vifaa viwili. Inatokea ukumbini pale mikisa inapokuwa kwenye jenereta na laptopu kwenye umeme wa gridi, au pale pini ya ethi (inayopeleka umeme uliovuja ardhini) ilipokatwa ili plagi iingie kwenye ekstensheni. Umeme huo ukipita kwenye waya wa HDMI au SDI unaua kinasa, tundu, hata bodi ya laptopu, na unaweza kukuumiza wewe.

Zima vyote, chomoa kutoka ukutani, mwite fundi umeme wa ukumbi aangalie ethi. Vifaa vyote vya picha vitumie umeme wa chanzo kimoja. Unganisha waya za video kwanza vifaa vikiwa vimezimwa, ndipo uwashe. Usipime kwa kidole.

Picha nyeusi tu, laptopu nzima

Mara nyingi hii si hitilafu. King'amuzi na vifaa vingine vya burudani hufunga picha kwa HDCP, kinga dhidi ya kunakili, na kinasa halali kinatii. PlayStation 4 na 5 zina mahali pa kuzima HDCP kwa ajili ya michezo. Kamera ikitoa weusi, kagua waya na mpangilio wa HDMI ndani ya kamera yenyewe.

Unapotakiwa kuacha na kumwita fundi

Acha mara moja ukisikia harufu ya kuungua, tundu likiwa la moto, au betri ikiwa imevimba. Dalili ya betri ni kibao cha panya kuinuka au mfuniko kutofunga sawa. Laptopu yenye betri iliyovimba isichajiwe tena na isitobolewe.

Acha pia kama laptopu inaendelea kuanguka wakati kinasa kimeondolewa na draiva zake zimefutwa. Kabla ya kuipeleka, kipimo kimoja cha mwisho: washa laptopu kwa Ubuntu kutoka kwenye flashi bila kuiweka kwenye diski, uchomeke kinasa, ufungue kamera. Ikianguka na huko, kosa ni la kifaa au la bodi. Isipoanguka, ni la Windows. Driver Verifier (chombo cha Windows cha kujaribu draiva) na kusasisha BIOS (programu inayoiwasha bodi) viache kwa fundi. Cha kwanza kinaweza kuifanya mashine isiwake, na cha pili umeme ukikatika katikati kinaweza kuua bodi.

Mpelekee fundi kinasa chenyewe na waya wake, chaja yako, picha ya skrini ya kosa, ile namba ya VID na PID, na nakala ya mafaili yaliyomo C:\Windows\Minidump. Mwambie pia ilizima katika hatua gani.